KUTAZAMA NDEGE SI KAZI YA WATALII PEKE YAO

Wengi wetu tukisikia habari za kutazama ndege hufikiria Mzungu aliyevaa kofia pana na darubini shingoni. La hasha! Kazi hii inataka macho, masikio na subira, na vyote hivyo tunavyo.

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Sisi wa Embu tuna bahati kwa sababu Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote nchini, unapita kwetu ukienda Bahari ya Hindi. Kule pwani delta yake iliingizwa mwaka wa 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Lakini hata kabla ya kufika huko, mto huu unapita kando ya Hifadhi ya Mwea, huku Mbeere, iliyotangazwa mwaka wa 1976. Iko kati ya Tana na Thiba, karibu na mabwawa ya Kamburu na Masinga. Ukienda, usisogelee maji ovyo, kwani mamba na viboko wa huko si mchezo.

Je, utamtambuaje ndege usiyemjua? Kwanza, mlinganishe na unayemjua: ni mkubwa kama kunguru au mdogo kama shomoro? Pili, tazama mdomo, maana mdomo hueleza chakula. Furukombe ana mdomo uliopinda kama ndoana wa kurarulia samaki. Kwarara ana mdomo mrefu wa kuchokora matope. Bata ana mdomo bapa wa kuchuja maji. Tatu, tazama miguu: mirefu ni ya kutembea majini. Kisha andika tarehe, saa na mahali. Amka mapema, vaa nguo zisizong'aa, nyamaza, na manati uiache nyumbani.

Tarehe ina maana kubwa. Kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, mashamba ya mpunga ya Mwea hupata wageni kama vitwitwi, ambao hukimbia baridi ya Ulaya na Asia. Yangeyange, yule mweupe anayefuata ng'ombe, utamwona mwaka mzima.

Sasa nije kwa ndege anayenigusa zaidi. Wataalamu humwita babla wa Hinde. Ana rangi nyeusi na kahawia yenye mabaka meupe kama magamba, na macho mekundu. Huishi kwa jamii ndogo zenye kelele, na wakubwa husaidiana kulea makinda. Duniani kote hapatikani ila Kenya, katika sehemu kama Embu, Meru, Kirinyaga na Machakos. Yumo katika orodha ya ndege walio hatarini. Kisa ni kwamba makao yake ni vichaka vya mabondeni na kando ya mito, na vichaka hivyo tunavifyeka. Ajabu ni kwamba siku hizi hujificha hata katika lantana, gugu lililotoka bara la Amerika ambalo kila mkulima hulichukia.

Huko kwetu chini ya shamba kuna kichaka cha namna hiyo kando ya kijito. Baba anataka kukifyeka apande nduma na maharagwe. Namwelewa, kwani karo yangu hutoka katika shamba lilo hilo. Mimi nimemwomba atuachie ukanda mmoja tu kando ya maji. Mizizi itazuia udongo usichukuliwe na mvua, na ndege watapata pa kuzalia. Bado anafikiri. Mama yuko upande wangu, maana hapo ndipo anapookota kuni.

Wenzangu, wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Kila mmoja wetu akizungumza na wazee wake kuhusu ukanda mmoja, bonde zima litapona. Shime, chukueni daftari na kalamu, tuanze kuhesabu tulicho nacho kabla hakijatutoka!