Kabla hujapigilia msumari sebuleni, soma hii kuhusu picha za ukutani

Sebule nyingi za Songea, kuanzia Bombambili hadi Lizaboni, zinafanana kwa jambo moja. Kuna picha ya harusi, kuna ya mahafali, na kuna kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna anayeitoa kwa sababu picha yake ni nzuri. Juu kabisa, karibu na dari, kuna picha ya babu au bibi iliyoanza kufifia.

Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuangalia zaidi. Kalenda ikichanika unapata nyingine. Lakini picha ya babu iliyopigwa studio miaka ya 1970, na negativu yake haijulikani ilipo, ikiharibika ndiyo basi tena.

Songea ni mji unaotunza kumbukumbu. Kila Februari watu hukusanyika Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, mtaa wa Mahenge, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Nyumbani nako kumbukumbu ipo, ila mara nyingi inashikiliwa na msumari mmoja tu.

Anza na simu, siyo nyundo

Kabla ya yote, toa picha ya zamani kwenye fremu na uipige kwa simu, mchana, karibu na dirisha lakini isipigwe na jua moja kwa moja. Kama imegandia kwenye kioo, usiivute, itachanika. Ipige hivyo hivyo ikiwa ndani ya fremu, ukisimama pembeni kidogo kukwepa mng'ao.

Tuma nakala kwa ndugu wawili watatu, na uitume kama faili ili isipungue ubora. Kisha chapisha nakala moja na hiyo ndiyo utundike. Picha halisi iweke kwenye bahasha, ndani ya kabati kavu.

Chagua picha yenye maana kwako

Siyo lazima ukuta ujae. Picha moja kubwa au tatu zinazoendana zinatosha sebule ya kawaida. Picha kumi ndogo zilizotawanyika zinachosha macho.

Ukitaka mchoro, wana Ruvuma wana sababu ya kuanzia na Tingatinga. Mwanzilishi wa mtindo huo, Edward Saidi Tingatinga, alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, mkoa huu huu. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza kazi, na hadi leo wachoraji wa mtindo huo wapo Oysterbay, Dar es Salaam.

Unajuaje kama mchoro umechorwa kwa mkono? Uinamishe kwenye mwanga. Rangi ya brashi inaonyesha mistari na unene, wakati nakala ya mashine ni bapa kila mahali.

Kama bajeti ni ndogo, kipande cha kitenge au khanga kilichonyooshwa kwenye fremu ya mbao kinapendeza vilevile, na fundi seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea fremu hiyo.

Usiitundike juu sana

Hapa ndipo wengi tunakosea. Picha inawekwa juu ili watoto wasiifikie, matokeo yake mgeni anainua shingo kama anaangalia tangazo barabarani.

Kipimo rahisi: katikati ya picha iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, yaani usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Ikiwa juu ya kochi, acha sentimita 15 hadi 25 kati ya mgongo wa kochi na fremu. Upana wa picha, au kundi la picha, uwe kama theluthi mbili ya upana wa kochi. Kati ya fremu na fremu, sentimita 5 hadi 8 zinatosha.

Zipange kwanza sakafuni. Kisha kata magazeti ya zamani kwa ukubwa wa kila fremu, yabandike ukutani kwa selotepu na uyaache siku moja. Kusogeza gazeti hakuachi tundu, msumari unaacha.

Ukuta wako ni wa aina gani?

Nyumba nyingi hapa ni za tofali za kuchoma zilizopigwa lipu. Msumari wa kawaida hupinda, na ukigonga kwa nguvu lipu inabanduka. Tumia msumari wa zege kwa picha nyepesi, na ubandike selotepu pale unapogonga. Kwa fremu nzito ya kioo, mwite fundi mwenye drili atoboe, aweke kipande cha plastiki na skrubu.

Muhimu kuliko yote: usipige msumari juu, chini au pembeni ya swichi na soketi kwa mstari ulionyooka. Mara nyingi ndiko nyaya za umeme zinakopita. Na fremu ya kioo isiwe juu ya sehemu anapolala mtoto.

Unapanga? Muulize mwenye nyumba kwanza. Vibandiko vya kuning'iniza navyo havishiki vizuri kwenye ukuta wa chokaa au rangi inayotoa vumbi. Njia salama ni kuegemeza picha juu ya kabati au meza ya TV, mahali ambapo haiwezi kuteleza.

Jua na masika

Jua la dirishani hufifisha rangi, hivyo chagua ukuta usiopigwa na jua moja kwa moja. Kuanzia Novemba hadi Aprili adui ni unyevu. Ukuta wenye madoa ya maji usitundike kitu mpaka bati litengenezwe.

Mwambie fundi wa fremu aweke kadi pembezoni mwa picha, kati yake na kioo, ili visigusane. Nyuma ya fremu, chini, gundisha vipande viwili vidogo vya mpira ili hewa ipite.

Mwisho, andika nyuma ya picha kwa penseli: ni nani, wapi, mwaka gani. Wajukuu wengi wanaikuta sura ukutani na hakuna aliyebaki wa kuwaambia ni ya nani.