Singida ikifika miaka 65, keki atakata nani?

Kijana wa Utemini, Majengo na Mitunduruni! Leo tuongee bethdei. Siyo ya demu wako, tulia! Ni ya mkoa mzima.

Singida ilizaliwa kama mkoa mwaka 1963, ilipomegwa kutoka lile Jimbo la Kati lililotawaliwa toka Dodoma. Piga hesabu: mwaka 2028 bi mkubwa anagonga 65, na 2038 anatimiza 75. Hizo siyo siku za kupita kimyakimya. Lakini shughuli inaanza kwenye maandalizi, na hapo ndipo wengi wetu tunapochemsha.

Sherehe za kwetu unazijua. Maturubai yanafungwa, wakubwa wanakaa kivulini, vijana tunapigwa jua, hotuba ndefu kama safari ya Dar. Ngoma mbili, pilau kwa wenye kadi, kwisha! Kesho yake zimebaki chupa tupu tu. Sasa hapo mji umepata nini?

Mifano ipo nyumbani. Mwaka 2015, hayati John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, watu wakashika mafagio, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan naye akaahirisha shamrashamra, milioni 960 zikaenda kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Pati ilikosekana, lakini kitu kikabaki.

Hatusemi watu wasicheze. La hasha! Kijana bila muziki ni chai bila sukari. Tunachosema ni kwamba raha na faida vinaweza kukaa meza moja.

Angalia mtaji tulionao. Mji una maziwa mawili, Singidani na Kindai, na mawe makubwa ambayo mgeni akiyaona lazima atoe kamera. Kuku wetu wa kienyeji anatafutwa mpaka Dar. Kuna alizeti, vitunguu, na asali ya Manyoni na Itigi. Wiki moja ya maonyesho kando ya ziwa, mama lishe na vijana wenye vibanda wakipewa nafasi ya mbele, pesa inabaki mifukoni mwa wenyeji. Ila msanii wa nje akibeba bajeti yote, tumeliwa.

Halafu kuna historia, na hapa ndipo penye moto. Ukienda kucheki mpira Uwanja wa Liti, ule uliokuwa Namfua, unajua Liti ni nani? Ni mwanamama wa Kinyaturu ambaye wazee wanasimulia aliwatoa jasho Wajerumani kwa kutumia nyuki. Kichwa kama hicho tunakitamka kila wikiendi bila kukijua!

Na wasimuliaji wanapungua. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1963, mwaka 2028 atakuwa na 80. Bibi na babu hao, wawe Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo au Wataturu, ndio maktaba yetu. Kamati ikisubiri mwezi wa mwisho, itakuta milango mingine imeshafungwa.

Kwa hiyo, mshikaji, usikae kijiweni ukingoja kadi ya mwaliko. Simu unayo mfukoni. Nenda kwa bibi, msalimie vizuri, mpelekee sukari, muulize mji ulikuwaje siku mkoa unazaliwa, kisha rekodi. Kikao cha mtaa kikiitishwa, nyanyua mkono, uliza bajeti ya sherehe itaacha nini: miti kando ya ziwa, chumba cha vitabu, au vyoo vya shule?

Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 mkoani Singida. Keki moja haiwatoshi. Cha kuwatosha wote ni kile kitakachobaki maturubai yakishafunguliwa.

Haya, wewe ungependa kibaki nini?