Kabla Mwanga Haujafika, Tuuandalie Maneno

Hivi karibuni niliwapeleka wanafunzi wangu wa isimu Rabai, kuzuru kituo cha kale cha wamisheni. Nilikuwa nimejiandaa kuwahutubia juu ya Johann Ludwig Krapf, aliyekiasisi kituo hicho pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846, na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki. Hotuba yangu haikufika mbali. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa akitazama upande wa Mombasa, aliniuliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba siku hizi habari hurushwa kwa mwanga bila waya? Tueleze kwa Kiswahili jinsi inavyokuwa."

Nakiri niligugumia. Nilianza sentensi kwa Kiswahili nikaimalizia kwa Kiingereza, na wanafunzi wakacheka. Makala haya ni jawabu nililopaswa kulitoa siku ile.

Ni kweli, tena si jambo geni. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell alisafirisha sauti ya binadamu juu ya miali ya jua. Kilichomkwamisha ni chanzo cha mwanga: jua halina utii, na wingu dogo latosha kukatiza mazungumzo. Chanzo kitiifu kilipatikana mwaka 1960, Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza. Mwaka 1962 zikafuata leza ndogo zilizoundwa kwa nusu-kipitishi, yaani maada isiyopitisha umeme kikamilifu wala kuuzuia kabisa.

Leza hutofautianaje na taa ya nyumbani? Fikiria ngoma. Katika taa ya kawaida kila mpigaji hupiga mdundo wake: mwanga hutawanyika kila upande, kwa rangi nyingi. Katika leza, mwanga hunaswa baina ya vioo viwili, ukawa unakwenda na kurudi, na kila chembe inayopita huiamsha nyingine ifanane nayo. Wapigaji wote hushika mdundo mmoja. Hutoka mwale mwembamba wa rangi moja, unaoweza kulengwa mbali. Zaidi ya hayo, taa za LED tunazozitumia majumbani huweza kubadilishwa nguvu mara mamilioni kwa sekunde, ilhali leza ndogo hubadilishwa mara mabilioni. Kila badiliko ni herufi katika barua ya mwanga. Ndiyo sababu wahandisi wanaotafuta kasi huhangaikia chanzo kwanza: kiwe na nguvu bila kuchemka, kiwe chepesi kugeuka, na kisidhuru jicho. Kwa hili la mwisho, aghalabu huchaguliwa mwanga usioonekana, ambao humezwa na sehemu ya mbele ya jicho kabla ya kuifikia retina.

Haya si ndoto za ughaibuni. Mwaka 2020 mradi wa Taara, wa kampuni ya Alphabet, ulitangaza ushirikiano na Liquid Telecom, wakianzia Kenya. Mwaka uliofuata, mwale wao ulivuka mto Kongo baina ya Brazzaville na Kinshasa, umbali wa kilomita zisizotimia 5, ukapitisha takriban terabaiti 700 kwa siku 20. Kuuzunguka mto kwa nyuzi za kioo kungedai zaidi ya kilomita 400. Ukungu bado ni adui wa njia hii, na kizuizi chochote hukata mwale. Hata hivyo, mahali penye vilima vinavyotazamana kama Rabai, mtu hawezi kukosa kuwaza.

Sasa msomaji na atazame nyuma. Katika maelezo hayo nimeazima maneno machache tu: leza, retina, terabaiti na kadhalika. Mengine yote tulikuwa nayo: mwale, chanzo, kioo, mdundo. Wanaodai kwamba Kiswahili hakiiwezi sayansi wamesahau kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Tulichokikosa ni mazoea ya kueleza. Mwanafunzi wetu hulikariri fasili kwa Kiingereza, akafaulu mtihani, lakini hawezi kumweleza nyanya yake alichojifunza. Mimi mwenye shahada ya uzamifu sikuweza pia.

Krapf alikuja na wino. Maneno aliyapata vinywani mwa wenyeji. Wao ndio waliomfundisha. Leo mgeni anakuja na mwanga, nasi Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Je, safari hii tutakuwa na la kumwambia?

Walimu wa fizikia na walimu wa Kiswahili na waketi meza moja, japo saa moja kwa juma, waieleze mada moja mpaka ieleweke. Nanyi wanafunzi, waulizeni walimu wenu swali nililoulizwa Rabai. Wakigugumia, msicheke, waulizeni tena juma lifuatalo.