Siku ya Mwisho Padua: Kikanisa Kilichojengwa kwa Fedha ya Riba



Kwa waamini wengi wa Korogwe na Handeni, Padua ni neno linalofuata jina la Mtakatifu Antoni, basi. Sanamu yake tunaijua: mtawa kijana, Mtoto Yesu mkononi na ua la yungiyungi. Tunamwomba atutafutie funguo, simu na vitambulisho vilivyopotea. Mji wenyewe, ulio karibu na Venezia kaskazini mwa Italia, hatuufikirii sana. Sisi, kundi la mapadre wanafunzi na walei wachache tuliokuwa katika ziara ya sanaa takatifu, tuliuachia siku ya mwisho, na ninaona ilikuwa vizuri hivyo. Kwa siku kadhaa tulikuwa tumetazama picha nzuri tukiuliza nani alichora. Padua ilitulazimisha kuuliza nani alilipa.

Asubuhi ilikuwa ya kikanisa cha Scrovegni. Kwa nje hakina makuu, ni nyumba ndefu ya matofali, haizidi sana kigango kikubwa cha kwetu. Kinaitwa pia kikanisa cha Arena kwa sababu kimesimama mahali palipokuwa na uwanja wa michezo wa Warumi wa kale. Huingii tu kama unavyoingia kanisani. Tiketi hukatwa mapema, watu huingia kwa makundi ya 25 hivi, na kwanza mnakaa robo saa katika chumba cha vioo ili hewa mnayokwenda nayo itulizwe, unyevu na vumbi vipungue. Halafu mlango unafunguliwa, na ndani mnapewa robo saa nyingine. Pumzi za watu wengi zina maji, na maji ni adui wa ukuta uliochorwa.

Alichora Giotto, mzaliwa wa upande wa Firenze, kati ya mwaka 1303 na 1305. Kikanisa kilitabarukiwa tarehe 25 Machi 1305, sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari. Dari yote ni ya buluu yenye nyota. Kuta mbili ndefu zimepangwa safu juu ya safu: juu kabisa ni Yoakimu na Anna, kisha utoto wa Mama Maria, chini yake maisha ya Bwana wetu, na chini zaidi Mateso, Ufufuko hadi Pentekoste. Unasoma kwa kuzunguka kikanisa, unashuka safu, unazunguka tena. Katekista yeyote angeweza kufundishia hapo mwaka mzima bila kufungua kitabu.

Kinachomfanya Giotto asifiwe mpaka leo ni kwamba watu wake wana uzito. Wachoraji wengi wa kabla yake waliwapanga watakatifu wakitutazama usoni, wamenyooka, kama wanaopigwa picha ya kipaimara. Giotto aliwageuza. Katika picha ya Maombolezo, ambapo Mama Maria amempakata Mwanae aliyeshushwa msalabani, wanawake wawili wameketi chini mbele kabisa na wametupa migongo. Nyuso zao hatuzioni, ila tunajua wanalia. Aliyewahi kukaa msibani kwenye mkeka, nyuma ya kina mama waliouzunguka mwili, ameshaiona picha hiyo. Juu angani malaika wadogo wanajipinda kwa uchungu.

Kuna na vitu vya kufurahisha. Katika picha ya Mamajusi yupo ngamia mwenye macho ya buluu, kana kwamba mchoraji alisimuliwa tu habari za ngamia. Na nyota ya Bethlehemu imechorwa kama kimondo chenye mkia. Kimondo cha Halley kilionekana mwaka 1301, na wengi hudhani Giotto alichora alichokiona. Ndiyo maana chombo cha anga cha Ulaya kilichokwenda kukichunguza kimondo hicho mwaka 1986 kiliitwa Giotto.

Namna picha hizo zilivyotengenezwa inaeleweka kwa fundi yeyote wa Handeni aliyewahi kupiga plasta. Ukuta hupigwa plasta ya chokaa na mchanga. Ikiwa bado mbichi, mchoraji hupaka rangi iliyosagwa na kuchanganywa na maji matupu, bila gundi. Chokaa ikikauka huvuta hewa na kugeuka tena kuwa kama jiwe, nayo rangi hubaki imefungwa ndani yake. Kwa hiyo haibanduki. Lakini plasta mbichi haisubiri. Fundi hupiga sehemu ndogo tu, ile ambayo mchoraji ataimaliza siku hiyo, na kesho inaunganishwa nyingine. Ukitazama kwa makini utaona maungio, na unaweza kujua uso fulani ulichukua siku nzima wakati anga kubwa lilipakwa upesi. Rangi ya buluu ya jiwe ndiyo ilikuwa kaidi, haikupatana na chokaa mbichi. Ilibidi ipakwe baadaye ukuta ukiwa umekauka, na ndiyo maana mahali pengine imepukutika na kuacha mavazi ya Mama Maria yakiwa yamepauka.

Sasa nirudi kwa aliyelipa. Jina lake Enrico Scrovegni, tajiri wa Padua, na baba yake Reginaldo alijulikana kwa kukopesha fedha kwa riba. Katika utenzi wake mashuhuri, Dante alimweka motoni pamoja na wala riba wengine. Hakumtaja jina, alitaja tu alama ya ukoo wao, nguruwe jike wa buluu mwenye mimba, na kila msomaji wa Padua alielewa. Nyakati hizo suala la riba halikuwa dogo. Mtaguso wa tatu wa Laterani, mwaka 1179, ulikuwa umeamua kwamba mla riba anayejulikana wazi asipewe Komunyo wala maziko ya Kikristo, na sadaka yake isipokelewe. Wengi husema Enrico alijenga kikanisa ili kumlipia baba yake, na pengine kujilipia mwenyewe. Wataalamu wengine wanalipinga hilo, wanasema alitaka zaidi kujionyesha. Kweli, mwaka 1305 watawa wa jirani, Waeremiti wa Mtakatifu Augustino, walilalamika kwamba alikuwa ameruhusiwa kikanisa kidogo cha familia lakini anajenga jambo kubwa, na mnara wa kengele juu. (Mgogoro wa kengele kati ya majirani si ugunduzi wa parokia zetu.)

Iwe nia yake ilikuwa ipi, kuta zinaizungumzia fedha kila upande. Kwenye upinde mbele ya altare Yuda anapokea mfuko wa fedha, na shetani mweusi amemshika kwa nyuma. Upande wa pili wa upinde, usawa uleule, Mama Maria anamkumbatia Elizabeti. Ukiwa umesimama katikati unaziona picha zote mbili kwa pamoja: mikono inayokumbatia, na mikono inayopeana mfuko. Chini, karibu na sakafu, kuna fadhila saba upande mmoja na vilema saba upande mwingine, zote zimechorwa kama sanamu za mawe. Fadhila ya Mapendo ni mwanamke anayekanyaga mifuko ya fedha, mkono mmoja ana bakuli la matunda, na kwa mwingine anamtolea Mungu moyo wake. Anayemkabili ni Kijicho: mkono wake umeshika mfuko, anaungua miguuni, na nyoka anatoka kinywani mwake kisha anageuka kumwuma machoni. Sijaona mahubiri mafupi zaidi ya hayo juu ya husuda.

Ukigeuka kutoka nje, ukuta wote wa mlangoni ni Hukumu ya Mwisho. Motoni wapo watu walionyongwa kwa kamba za mifuko yao wenyewe ya fedha. Na upande wa waliookolewa, chini ya msalaba, amepiga magoti Enrico Scrovegni mwenyewe, amevaa zambarau, anamkabidhi Mama Maria kikanisa kilekile, mtu wa Kanisa akimsaidia kukibeba begani. Amejichoresha upande wa kuume kabla Hakimu hajasema neno.

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa makali. Mmoja alisema: lakini bila fedha hiyo tusingekuwa na picha hizi. Ni kweli. Mwingine akauliza: na wale waliotozwa riba, walirudishiwa?

Wasomaji wa Korogwe na Handeni hawahitaji kuelezwa riba inayonyonya ikoje. Tunaiita mikopo ya kausha damu. Mama lishe anakopa laki moja, mwisho wa mwezi anadaiwa laki na nusu, akichelewa godoro na televisheni vinabebwa mchana watoto wakitazama. Mwalimu anaacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji. Mkulima anauza mahindi yangali shambani kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto ameanza kidato cha kwanza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, lakini wengi wanafanya kazi gizani. Siku hizi Kanisa halikatai kila faida ya mkopo, na hata SACCOS zetu hutoza kidogo ili ziendelee kuishi. Linalokataliwa ni kumfanya mwenye shida kuwa shamba la kuvuna.

Basi mtu wa namna hiyo akija siku ya harambee akaahidi mabati yote ya kanisa jipya, kamati ya ujenzi ifanye nini? Nijuavyo, kwa kawaida tunapiga vigelegele, tunampa kiti cha mbele, na jina lake linasomwa mara tatu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye waseminari mtamsoma kwa miaka, yuko wazi katika Summa: kilichopatikana kwa udhalimu kinapaswa kurudishwa kwa mwenyewe, wala hakigeuzwi sadaka wakati mwenyewe yupo na anajulikana. Zakayo alifuata utaratibu huo. Aliowadhulumu aliwarudishia mara nne, naye alisema hayo nyumbani kwake, mbele ya watu. Mimi naona paroko anaweza kumwambia mfadhili kwa upole, faraghani: anza na wale wa mtaani kwako, mabati tutangoja.

Mchana tulitembea hadi Basilika la Mtakatifu Antoni. Njiani tulipita kanisa la wale Waeremiti waliolalamika. Tarehe 11 Machi 1944 lilipigwa bomu, na michoro mashuhuri ya Mantegna ikasambaratika, ilhali kikanisa cha Scrovegni, hatua chache tu kutoka hapo, kilinusurika.

Katika Basilika mahujaji huweka kiganja juu ya jiwe la kaburi la Mtakatifu na kunyamaza. Ulimi wake uko katika chombo kilichopakwa dhahabu. Mtakatifu Bonaventura aliukuta haujaoza mwaka 1263. Lakini kilichotusimamisha ni shaba za Donatello kwenye altare kuu, za katikati ya karne ya 15, zenye miujiza minne ya Antoni. Mmojawapo ni wa moyo wa bahili. Hadithi inasema tajiri mla riba alikufa, na Antoni akahubiri kwamba moyo wake hautapatikana kifuani bali kwenye sanduku la fedha. Wakapasua kifua, hakikuwa na moyo. Wakafungua sanduku, ukawemo. Hadithi hiyo imechongwa tena kwa marumaru na Tullio Lombardo, karibu na kaburi.

Hiyo ni hadithi. Jambo lenye hati ni dogo zaidi, na halijulikani sana kwetu. Mnamo Machi 1231 mji wa Padua ulitunga sheria kwamba mdaiwa aliyeshindwa kulipa asifungwe tena gerezani, ikiwa ameshawaachia wadai mali aliyo nayo. Sheria yenyewe inataja kwamba ilitungwa kwa ombi la Ndugu Antoni. Yeye alifariki tarehe 13 Juni mwaka uleule, sheria ikiwa na miezi mitatu.