Nkejje katika Tangi la Kioo

Wengi hudhani kwamba tangi la samaki nyumbani ni lazima lijazwe maji ya chumvi na samaki wa matumbawe kutoka pwani. Sisi twaona kwamba mkaaji wa Kimaka, mjini Jinja, hana haja ya kwenda mbali. Ziwa Viktoria limempa nkejje, ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita furu.

Samaki hawa wadogo walikuwa wa aina mamia. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, maji nayo yakachafuka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa zimetoweka. Baadhi ya zilizosalia zimetunzwa katika matangi ya Ulaya na Marekani.

Mfugaji na aanze na samaki wachache, kwani bakteria waondoao sumu ya kinyesi huchukua majuma kadhaa kukua katika chujio. Kila juma abadili robo ya maji. Ya bomba yakae wazi siku nzima ili klorini itoke. Chujio lioshwe kwa maji ya tangi lenyewe, bakteria wasife. Aina zinazofanana zisichanganywe, zisije zikazaana na kupoteza asili yake. Wala samaki wa tangi wasimwagwe ziwani.

Jike la nkejje hulea mayai kinywani, akivumilia njaa kwa siku nyingi. Tukiwa na nusu ya uangalifu wake, watoto wetu hawatamjua kwa picha peke yake.