Mvuke, moshi au ukungu?

Mwezi uliopita, bwana prefe wa shule ya sekondari anakosoma mdogo wangu aliniomba nitafsiri tangazo la wazazi kutoka Kifaransa. Lilihusu puff, vile vijiti vyenye rangi za pipi ambavyo vijana huvuta kwa siri. Mahali palipoandikwa « vapoteuse » niliandika « kifaa cha kuvuta mvuke », kisha nikamsomea mama. Akaniuliza: « Basi ni kama kujifukiza? Hiyo si dawa? »

Swali lake lilinionyesha kosa langu. Kwetu nyumbani, mvuke ni sufuria ya majani ya mkaratusi, blanketi kichwani na mgonjwa anayetoka jasho. Nilikuwa mwaminifu kwa Kifaransa, lakini neno langu lilikivika kifaa hicho vazi la mganga.

Tena, kwa kweli, si mvuke. Betri hupasha moto waya mdogo, na waya huo huchemsha kimiminika chenye propileni glikoli, gliserini, ladha na mara nyingi nikotini. Kinachoingia mapafuni ni matone madogo sana yanayoelea hewani, na ndani yake hupatikana hata chembe za metali. Nikotini humshika kijana upesi, kwa sababu ubongo wake huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. « Ukungu » lingekuwa neno la kweli zaidi, ingawa sijui mzazi gani angeogopa ukungu.

Nilipotaka kuandika « sigara » tu, mwenzangu wa darasa alinipinga. Hoja yake ina uzito: humo hakuna tumbaku inayoungua, kwa hiyo lami na monoksidi ya kaboni ya sigara hazimo kwa kiasi kile. Ndiyo maana mwaka 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa hivi ili waache sigara. Kwa mvutaji wa miaka 50, hiyo ni nafuu. Mwanafunzi wa miaka 14 hakuwa na sigara ya kuiacha. Mabishano mengi yanatokana na hapo, kila upande ukimfikiria mtu wake. Uingereza hiyohiyo ilipiga marufuku vifaa vya kutumia na kutupa mnamo Juni 2025.

Mfano unaotugusa zaidi sisi watu wa lugha ni wa Marekani. Mwaka 2019, zaidi ya robo ya wanafunzi wa sekondari ya juu walisema katika uchunguzi wa taifa kwamba walikuwa wamevuta vifaa hivi ndani ya siku 30. Januari 2020 serikali ikatangaza kuziondoa sokoni ladha za matunda, ila agizo lilitaja vifaa vya « kartriji ». Vya kutupa havina kartriji ya kubadilisha. Vijana wakahamia huko. Kisha kampuni zikaona kwamba sheria inazungumzia bidhaa inayotokana na tumbaku, zikatumia nikotini iliyotengenezwa maabarani. Mwaka 2022 Bunge lilibidi kurekebisha sentensi hiyo: nikotini kutoka chanzo chochote. Miaka miwili ilipotea kwa maneno machache tu! Kufikia 2024, kiwango kwa wanafunzi hao kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 8.

Ubelgiji ilitangulia Umoja wa Ulaya kupiga marufuku vifaa vya kutupa, tarehe 1 Januari 2025, na Ufaransa ikafuata Februari. Nchini Ufaransa ilikuwa tayari ni kosa kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, lakini puff zilifika shuleni vilevile. Ndipo wakakataza kifaa chenyewe, badala ya kumtegemea muuzaji aulize umri.

Nilirudi kwenye tangazo. Niliandika « sigara ya betri », kwa sababu sigara inamwonya mzazi na betri inamwambia atafute nini mfukoni. Nikaongeza kwamba haitoi harufu ya tumbaku, na kwamba harufu ya embe katika chumba kisicho na tunda inatosha kuulizia. Mama akasoma, akasema sasa ameelewa, kisha akamwita mdogo wangu.