Mahali pabaya, shuka utembee

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayesoma ukurasa huu jioni watoto wakiisha kulala: kuna watu wanaotoka Ulaya na Marekani, wanapanda ndege mpaka Uganda, wanafika mji wa Jinja, na huko wanatoa pesa nyingi ili siku nzima wafanyiwe mambo matatu. La kwanza, wapande boti la mpira lililojazwa hewa na kutupwa huku na huku na maji makali ya mto Nili. La pili, waning'inie kwenye kamba ya chuma na kuteleza kutoka mti mmoja hadi mwingine katika msitu wa Mabira, ulio kando ya barabara ya Kampala na Jinja. La tatu, waendeshe pikipiki za magurudumu manne katika matope mpaka rangi ya nguo isijulikane. Jioni wanarudi hotelini wamechoka na wanacheka.

Wewe uliyewahi kusafiri kutoka Masisi kwenda Walikale utacheka pia, lakini kwa sababu nyingine. Maji, kamba na matope: hiyo si ndiyo safari yetu? Unatoka Goma, unapita Sake, kamio inapanda Mushaki ikilia, unafika Masisi-centre na Nyabiondo, halafu unaanza kuteremka kuelekea msitu mkubwa mpaka Walikale, penye mto Lowa. Unatoka kwenye milima ya ng'ombe inayozidi mita 2,000 unaingia mahali palipo chini ya mita 1,000. Mvua ya milima ile yote inapita hapo katikati. Mara nyingi kipande cha mwisho hakipitiki kwa gari, na watu wanamalizia kwa pikipiki au kwa miguu. Sitaji habari ya vita, ambavyo vimeifunga njia hii mara nyingi na ambavyo mwezi wa Machi 2025 vilifika Walikale-centre yenyewe. Ukurasa huu ni wa ajali zile ambazo sisi wenyewe tunaweza kuzizuia.

Basi tujiulize. Kwa nini yule mgeni wa Jinja, aliyekuja kuitafuta hatari kwa pesa yake, kwa kawaida anarudi mzima, na ndugu yetu aliyekwenda tu kumtembelea shemeji yake anakufa maji? Si kwamba maji ya Nili ni mapole. Tuangalie wanavyofanya.

Mchezo huo wa boti ulianza Jinja mwaka 1996. Tangu wakati huo mabwawa ya umeme ya Bujagali (2012) na Isimba (2019) yamezamisha sehemu kubwa ya maporomoko, lakini Itanda bado inanguruma. Kabla ya kuondoka, mwongozaji anawaweka wote kwenye maji yaliyotulia. Kila mmoja anavaa kofia ngumu na jile la kuelea. Mwongozaji anashika jile mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda mpaka masikioni, halikufungwa vizuri, linakazwa tena. Kisha anafundisha maneno machache ya amri: piga kasia, acha, inama, shika kamba. Halafu, na hapa ndipo ninapowasifu, analipindua boti kwa makusudi. Wote wanaanguka majini na kujifunza kupanda tena wakati ambapo hakuna hatari. Na wakiisha kuanza safari, wako vijana katika mitumbwi midogo ambao kazi yao ni moja tu, kuwaokota walioanguka.

Maji makali wameyapanga kwa namba, kuanzia 1 hadi 6. Namba 5 wanapita. Pale Itanda kuna sehemu ya namba 6, na waendesha boti wameipa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni Mahali Pabaya. Wakifika hapo wanafanya nini? Wanashuka. Wanabeba boti lao na kuzunguka kwa miguu juu ya mawe, halafu wanaingia tena majini upande wa chini. Watu wenye jile, wenye kofia, wenye mwalimu, waliolipa ili waogopeshwe, wanashuka na kutembea.

Sisi tukifika kwenye kilalo cha magogo mawili, kimoja kimeoza, tunabaki juu ya mizigo. Tunamwambia shofere, «Pita tu.»

Nianze na mto. Mtumbwi hauzamishwi na uzito tu, unazamishwa na macho yanayodanganyika. Gunia la muhogo linaonekana kubwa, kila mtu analiogopa. Lakini mfuko wa kasiterite ni mdogo, unakaa vizuri sakafuni, na mtumbwi unaonekana bado una nafasi. Wewe unayeichimba unajua: kasiterite ni nzito kama mara 7 kuliko maji. Mifuko minne ya kilo 50 ni kama watu watatu wazima waliokaa chini ya miguu yako bila kuonekana. Kwa hiyo usitazame nafasi iliyobaki ndani. Tazama nje, ukingo umebaki juu ya maji kwa kiasi gani. Ukiwa haufikii shubiri moja, mtu ashuke au mzigo ushuke, arudiwe kwa safari ya pili. Mwenye mtumbwi atanung'unika. Mwache anung'unike.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililotoka Minova lilipinduka karibu na bandari ya Kituku pale Goma, wakati watu wa ufukoni wanaliona kwa macho yao. Zaidi ya watu 70 walikufa. Boti lilikuwa limejaza watu kupita kipimo chake. Lilikuwa limekaribia kabisa kufika, na ziwa si mto wenye mawe. Kama ufuko ulio karibu hivyo haukuwaokoa, usitegemee kwamba Lowa ni nyembamba.

Jile ni la kuvaa, si la kukalia wala la kuwekwa chini ya kichwa cha mzee. Pale ambapo hakuna jile, chukua bido tupu ya lita 20, kifuniko kikiwa kimefungwa barabara. Bido hiyo inaweza kumshikilia mtu mzima juu ya maji akiikumbatia kifuani. Si badala ya jile, kwa maana mtu aliyezimia hawezi kukumbatia kitu, lakini ni bora mara mia kuliko mikono mitupu. Mama anayevuka na watoto awe na bido kwa kila mtoto anayeweza kushika, na aziweke mikononi mwao kabla ya kuvuka. Zikibaki zimefungwa chini ya mizigo hazina faida.

Ukianguka kwenye maji yanayokwenda mbio, usijaribu kusimama. Hili linashangaza watu, kwa sababu kila mtu akigusa chini anataka kusimama. Mguu unaingia kati ya mawe mawili, maji yanakusukuma mgongoni, unalala kifudifudi, na hutaweza kuinuka hata kama maji ni ya kiunoni. Lala chali, miguu itangulie upande maji yanakokwenda, vidole viwe juu ya maji, uyasukume mawe kwa nyayo. Elekea pembeni polepole kwa mikono. Usisimame mpaka umefika mahali ambapo maji yametulia. Na ninyi mlio ufukoni msimrukie. Mtupieni kamba, mnyoosheeni mti mrefu, msukumieni bido. Mara nyingi anayeruka kuokoa ndiye anakuwa maiti ya pili.

Jambo moja zaidi kuhusu maji, kwa wale wanaovuka vijito kwa miguu baada ya mvua. Maji yakiongeza mbio mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara nne. Kijito ulichovuka asubuhi mpaka magotini, jioni kikiwa cha rangi ya kahawa kimekuwa mnyama mwingine, hata kama kinafika magotini vilevile. Ngoja. Mito midogo ya milimani hupanda upesi na hushuka upesi.

Sasa kamba. Wale wa Mabira wanaoteleza juu ya msitu wamefungwa mkanda mapajani na kiunoni, na mkanda huo una kamba mbili fupi zenye ndoano. Wanapohama kutoka waya mmoja kwenda mwingine wanafungua ndoano moja, wanaifunga mbele, ndipo wanafungua ya pili. Hakuna nukta hata moja ambapo mtu hana ndoano iliyofungwa. Mfanyakazi wa juu ya mitambo anaijua sheria hii, maana ni ileile ya mkanda wake wa kazini. Lakini nimemwona mtu huyohuyo, siku ya mapumziko, akivuka kilalo cha kamba na mfuko kichwani, mkono mmoja umeshika simu! Kwenye vilalo vya kamba za msituni na vya waya, avuke mtu mmoja mmoja, mikono yote miwili ishike, mzigo uwe mgongoni na si kichwani. Uliza wenyeji kilalo kilitengenezwa lini. Kamba za msitu huoza kwa unyevu na lazima zibadilishwe, na waya wa chuma ukianza kutoa nyuzi zilizokatika umekwisha kazi. Pasipo mtu anayejua jibu, tafuta njia nyingine.

Nimefika kwenye matope, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila mtu anajiona ni mwalimu wa matope.

Shofere mzuri hamtumi kamio mbele kutafuta kina cha tope. Anashuka mwenyewe na fimbo, anapima, anatafuta palipo pagumu, halafu anapita mara moja bila kusimama katikati. Abiria wanashuka wote kabla, si baada ya gari kulala ubavu. Wengi wanaoumia kwenye barabara zetu ni wale waliokaa juu ya mizigo. Mimi mwenyewe nimewahi kuteremka mlima usiku nimeshikilia kamba ya turubai, mvua inanipiga, na tairi la nyuma linachungulia shimo. Nilimwomba Mungu, lakini sikumwomba shofere asimame. Mpaka leo sielewi kwa nini niliona aibu kumsumbua.

Gari likikwama na kuvutwa kwa waya au mnyororo, watu wote wasogee mbali kuliko urefu wa waya wenyewe, hasa watoto wanaopenda kutazama. Waya uliokazwa ukikatika unarudi kama upanga. Tupa turubai zito au koti lililolowa katikati ya waya, ili ukikatika lipunguze nguvu yake. Na boyi anayeweka jiwe nyuma ya tairi aliweke kwa mti mrefu, si kwa mkono.

Kwenye miteremko, gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Kuna mashofere wanaoondoa gia ili kuokoa mafuta. Breki peke yake ikishika kwa muda mrefu inapata moto, na breki yenye moto haishiki tena. Hata vijana wa chukudu wanalijua hilo. Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na mashine, watu wa Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, na breki yake ni kipande cha tairi kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Kijana mwenye busara anateremka na viazi vyake vya Masisi akikanyaga kidogo kidogo tangu juu. Hasubiri mpaka afike kwenye kona.

Kwenye pikipiki, usivae kofia ya mgodini ukadhani umejikinga. Kofia ile ilitengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Ukianguka kwa pikipiki pigo linatoka pembeni au mbele, na kofia ile inaruka kabla kichwa hakijafika chini. Nunua kofia ya pikipiki yenye mkanda wa kidevuni, na uufunge.

Watu wengi wa milimani hawakuzoea kulala ndani ya chandarua. Huko chini Walikale mbu wa malaria ni wengi kuliko kwenye milima ya Masisi, na baridi uliyoipata juu ya kamio ukiwa umelowa inakufanya udhani homa yote ni mafua ya safari. Chukua chandarua pamoja na nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Homa ikikushika kuanzia siku ya 7 baada ya kufika, au hata wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, nenda dispansere siku hiyohiyo upimwe damu, na umwambie muuguzi kwamba umetoka Walikale.